SAFARI YA KUTAFUTA ELIMU NA HESHIMA YAKE

(Hotuba kwa wazee, wazazi na vijana Waislamu wa Majanji)

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Kijana wa Majanji aendaye kusoma hana haja ya kufundishwa maana ya safari. Amezaliwa ukingoni mwa ziwa lenye nchi tatu, na mpaka wa Uganda na Kenya u karibu na mlango wa nyumba yao. Kabla ya mwaka 1902 pande hizi mbili zilihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka huo Serikali ya Kiingereza ililikata Jimbo la Mashariki la Uganda ikalitia katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya, na Wasamia wakabaki jamaa moja chini ya serikali mbili. Mvuvi avukaye kwenda Sio Port kuuza samaki wake hajidhani kuwa amekwenda nchi za mbali. Lakini mtoto wake akivuka mpaka huo huo kwa ajili ya shahada, huitwa mgeni, hudaiwa karatasi za kila namna, na huulizwa kama vyeti vyake vinatambulikana.

Basi habari iliyowekwa mbele ya mkutano huu ni hiyo: mwanafunzi wa chuo kikuu atokaje nje kwa masomo, nani amgharimie, na zile heshima ambazo vyuo huwapa wanafunzi hodari zina thamani gani hasa. Wala isidhaniwe kuwa ni mazungumzo ya anasa ya watu wa mijini. Mzazi akiuza ng'ombe, au mtumbwi pamoja na mashine yake, kwa ahadi ya mtu asemaye ana nafasi za masomo katika nchi za mbali, na ahadi hiyo ikawa ya uongo, hapotezi fedha tu. Wadogo wa yule kijana nao hukosa karo, na jirani aliyekuwa akifikiri kumpeleka binti yake shule huvunjika moyo.

Watu hupenda kuyataja yale maneno ya kuitafuta elimu hata China. Wanavyuoni wa hadithi wameyatia udhaifu, na kwa kweli hapana haja nayo, maana Kurani yenyewe katika Sura ya Tawba imeligusa jambo hili kwa uwazi zaidi. Haiwataki watu watoke wote. Yataka litoke kundi katika kila jamii, lijifunze dini, kisha lirejee kwa watu wake liwaonye. Aya ile inahusu elimu ya dini, lakini mpango wake wafaa kwa kila elimu: wachache hutoka, wengi hubaki, na wale waliotoka hungojewa. Asiyengojewa na mtu hana sababu ya kurudi.

Katika Afrika ya Mashariki wapo waliosoma kwa namna hiyo zamani kabla ya vyuo vikuu. Vijana walikwenda Lamu katika Msikiti wa Riyadha, wengine Unguja, wengine wakapanda majahazi mpaka Hadhramaut na Makka. Mwanafunzi hakurudi na karatasi yenye muhuri wa serikali; alirudi na ijaza ya mwalimu wake, ambaye naye alikuwa na ijaza ya mwalimu aliyemtangulia, mnyororo ukaenda nyuma vizazi na vizazi. Heshima yake ilitegemea jambo moja, kwamba mwalimu mjuzi amemwona akisoma na amemshuhudia. Neno hilo la kushuhudiwa na ajuaye lishikwe vizuri, kwa kuwa litahitajika mbele katika habari za vyama vya heshima.

Zama za Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, yaani kutoka mwaka 1963 hata 1970, kusoma nje ya nchi lilikuwa jambo la kawaida kwa kijana wa hapa. Chuo kilikuwa kimoja chenye matawi matatu. Aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, aliyetaka sheria alikwenda Dar es Salaam. Kijana wa Tororo aliweza kukaa bweni moja na kijana wa Lindi, naye hakuonekana kuwa amefanya ajabu. Kisha kila serikali ikachukua tawi lake. Leo, baada ya miaka mingi, nchi zinajaribu kuurudisha udugu ule kwa njia nyingine: Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika ya Mashariki lenye makao yake Kampala, na tangazo la marais la mwezi Mei 2017 la kuifanya Jumuiya yote kuwa eneo moja la elimu ya juu. Tangazo ni tangazo. Mwanafunzi afikapo dirishani pa kulipia karo na aulize waziwazi kama atatozwa kama mwenyeji au kama mgeni, na jibu alipate kwa maandishi.

Waislamu katika vyuo hivyo walikuwa wachache, na sababu yajulikana. Shule zilikuwa mikononi mwa misheni, na wazazi wengi waliogopa watoto wao wasitolewe katika dini. Watu kama Mwanamfalme Badru Kakungulu wa Kibuli walijitahidi kufungua shule za Waislamu, na huko Mombasa ikasimama Taasisi ya Elimu ya Kiislamu, iliyochangiwa na Sultani wa Unguja, Aga Khan, Mabohora na Serikali. Na ni katika taasisi hiyo ya Mombasa ndipo inapoanza hadithi ya kijana mmoja ambaye habari zake zafaa zisomwe katika kila madrasa.

Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1933. Baba yake, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, mwanachuoni na mwandishi asiyehitaji kusifiwa hapa. Kijana mwenyewe mwanzoni alikusudia kuifuata njia ya babake na kwenda kusoma Al-Azhar. Sheikh al-Amin akafariki mwaka 1947. Ali alipofanya mtihani wa Cambridge akapata daraja la tatu, na kwa daraja hilo mlango wa Makerere ukafungwa mbele yake. Wengi hapo wangalisema kuwa elimu si fungu lake. Akapata kazi ndogo katika ile Taasisi ya Mombasa, akakaa nayo miaka kadhaa.

Ikatokea sherehe ya Maulidi, na Gavana wa Kenya, Sir Philip Mitchell, alikuwapo. Karani yule kijana akasimama akatoa hotuba juu ya Mtume, Sala na Amani zimfikie. Gavana akamsikiliza akapendezwa, na kutoka hapo njia ya msaada wa masomo ya Uingereza ikafunguka. Yafaa kuangalia vizuri lililotendeka. Hakuwa na cheti cha kumwombea. Kilichomwombea ni kuwa alikuwapo mahali ambapo jamaa yake ilimpa nafasi ya kusimama na kusema, na alikuwa amejitayarisha. Kama wazee wa Mombasa wangalisema kuwa Maulidi si mahali pa vijana, jambo hilo lisingalikuwa.

Huko Uingereza hakuanza chuo kikuu mara moja. Alikwenda Huddersfield kumaliza masomo ya sekondari, mtu mzima kati ya wavulana. Mwaka 1960 Chuo Kikuu cha Manchester kikampa shahada yenye sifa ya juu. Mwaka 1961 akapata ya pili katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Na mwaka 1966 akapata ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Oxford. Na ajabu iliyo tamu ni hii: kabla hata Oxford haijampa shahada hiyo, Makerere, chuo kile kile kilichomkataa kuwa mwanafunzi, kilikuwa kimekwisha kumfanya Profesa. Alifundisha Kampala mpaka mwaka 1973, siku za Idi Amin zilipomtoa. Alifariki Marekani mwaka 2014, akaletwa kuzikwa Mombasa katika makaburi ya wazee wake.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na Majanji, naye hausomwi kwa furaha tupu. Ng'ambo ya mto, katika kaunti ya Siaya, kuna kijiji cha Kogelo. Hapo alikaa Mzee Hussein Onyango, Mjaluo aliyesilimu, aliyefanya kazi ya upishi kwa Wazungu. Mwanawe, Barack Obama, alisoma Maseno. Mwezi wa Septemba 1959 ndege iliyopangwa na Tom Mboya na rafiki zake wa Marekani iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81. Barack hakuwamo katika ndege ile. Alikwenda mwaka huo huo kwa njia yake, mpaka Chuo Kikuu cha Hawaii, katikati ya bahari kuu ya Pasifiki. Akasoma uchumi, akamaliza kwa miaka mitatu masomo ambayo wengine huyafanya kwa minne. Mwaka 1962 akachaguliwa kuingia katika chama cha Phi Beta Kappa.

Hapana budi kueleza chama hicho ni nini. Phi Beta Kappa kilianzishwa na wanafunzi wa Chuo cha William and Mary, katika jimbo la Virginia, tarehe 5 Desemba 1776, mwaka ule ule Marekani ilipojitangazia uhuru. Jina lake ni herufi tatu za Kiyunani zilizo mwanzo wa maneno ya kuisifu hekima kuwa ndiyo kiongozi wa maisha. Ndicho chama cha kwanza cha heshima ya elimu katika nchi ile. Mtu hakiombi, walimu wa chuo chenye tawi humchagua mwanafunzi wakiwa wamemfundisha na kuzisahihisha karatasi zake, nao huchagua wachache walio juu katika darasa lao. Kwa lugha ya mashekhe, ni ushahidi wa mwalimu ajuaye, ijapokuwa hakuna mnyororo kama wa ijaza.

Basi mtoto wa Kogelo alishuhudiwa hivyo. Kisha akaenda Harvard kusomea udaktari wa uchumi. Akarudi Kenya mwaka 1964 bila ya kuumaliza. Harvard ilimpa shahada ya pili mwaka 1965. Nyumbani aliingia kazi za Serikali, akaandika maneno makali juu ya mpango wa uchumi wa nchi yake, mambo yakamwendea vibaya, naye akafa katika ajali ya gari mjini Nairobi mwaka 1982. Mwanawe aliyemwacha Hawaii akiwa mchanga ndiye aliyekuja kuwa Rais wa Marekani mwaka 2009. Heshima ya Phi Beta Kappa ilisema kweli kuwa kijana huyu ana akili. Haikusema, wala haikuwa kazi yake kusema, kama atakuwa na watu wa kumshika mkono arudipo.

Wala wasichana wasisahauliwe katika habari hii. Mwaka 1960, katika safari zile zile za wanafunzi, alikwenda binti wa Nyeri, Wangari Maathai, akasoma elimu ya viumbe katika chuo kidogo cha Kansas. Alirudi akasomea udaktari Nairobi, akaupata mwaka 1971, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Akiwa anatajwa mbele ya Waislamu binti asiye Mwislamu, ni kwa sababu baba anayesema kuwa binti hawezi kwenda mbali kusoma akarudi na adabu yake ajibiwe kwa tendo lililoonekana. Na ambaye bado ana shaka, Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kina tawi la wanawake peke yao huko Kabojja, Kampala. Udhuru huo nao umekwisha.

Vyama vya heshima vimezaliana tangu siku zile. Vingi ni vya kweli, kila kimoja na somo lake. Lakini siku hizi mwanafunzi wa hapa aliye mwaka wa pili hupata barua nzuri kwenye simu yake, imeandikwa jina lake kamili, yampongeza kwa kuchaguliwa miongoni mwa viongozi wa dunia, na mwishoni yamtaka alipe dola kadhaa ili cheti kitumwe, na dola nyingi zaidi ili ahudhurie mkutano ng'ambo. Baba akionyeshwa barua hiyo hujaa fahari na kuanza kutafuta mkopo. Dawa ni swali moja tu: ni mwalimu gani wa chuo changu aliyenishuhudia kwenu? Ikiwa hapana hata mmoja, na hapana aliyeziona alama zake, basi kinachouzwa ni karatasi. Ni kweli kuwa hata vyama vilivyo safi hutoza ada ya kuingia. Kwa hiyo ada peke yake si dalili ya wizi. Dalili ni ada isiyo na shahidi. Na mwanafunzi asisahau kuwa heshima inayojulikana na kila mwajiri katika Uganda iko mlangoni pake: Makerere humwandika daraja la kwanza aliyefikisha wastani wa 4.40 katika 5, wala hamna mtu anayeiuza.

Sasa milango yenyewe. Iliyo karibu hudharauliwa kwa kuwa ni karibu. Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007 mahali palipokuwa chuo cha mashine za kilimo, kimo katika wilaya hii hii ya Busia. Ng'ambo ya mpaka, Alupe imekuwa chuo kikuu kamili tangu mwaka 2022. Mbale kuna Chuo Kikuu cha Kiislamu, tunda la mkutano wa nchi za Kiislamu wa Lahore wa mwaka 1974, kilichofungua milango tarehe 10 Februari 1988 kikiwa na wanafunzi 80 tu. Mtoto aliyesoma shahada ya kwanza hapo kwa gharama ndogo na kwa alama za juu huwa na nguvu zaidi ya kuomba msaada wa shahada ya pili nje kuliko yule aliyefungiwa safari akiwa na umri wa miaka 18, hajui kupika wala kuweka hesabu ya fedha zake.

Kwa walio upande wa Kenya upo mpango wa Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ya Jeddah, ulioanzishwa mwaka 1983 kwa Waislamu wa nchi zisizo wanachama wa benki hiyo. Sharti lake la asili lastahili kuigwa na jamaa yoyote, tajiri au maskini. Fedha alizopewa mwanafunzi zilikuwa kwake mkopo usio na riba, lakini kwa jamaa yake zilikuwa zawadi: alipopata kazi alitakiwa kuzirudisha, si Jeddah, bali katika mfuko wa Waislamu wa nchi yake, ili asomeshwe mwingine. Hivyo ndivyo aya ya Tawba inavyotiwa katika daftari la hesabu.

Al-Azhar nayo ingali inapokea. Tangu sheria ya mwaka 1961 hufundisha udaktari, uhandisi na kilimo pamoja na dini, jambo ambalo wazazi wengi hawalijui, wakadhani kila aendaye Misri atarudi kuwa imamu. Kizuizi kikubwa huko ni vyeti vya madrasa zetu za kandokando ya ziwa. Mtoto aliyehitimu madrasa isiyokubaliwa na Al-Azhar huweza kurudishwa nyuma miaka kadhaa kabla ya kuingia kitivo chochote. Mwalimu mkuu wa madrasa na aulizwe jambo hilo leo, na asiulizwe siku ya kununua tikiti.

Na kuna kizuizi cha pili kinachongoja wakati wa kurudi. Katika Uganda Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, na katika Kenya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, ndio walinzi wa vyuo vya nchi zao, na kila nchi ina ofisi ya kupima vyeti vya nje. Shahada ya chuo kisichotambuliwa katika nchi yake chenyewe haitatambuliwa hapa. Kijana aweza kukaa miaka minne katika baridi, akarudi akakuta nafasi ya ualimu haipati. Kuandika barua ya kuuliza kabla ya safari ni kazi ya siku moja.

Yaliyobaki ni madogo, nayo ndiyo yanayoua safari nyingi. Mtoto aliyeitwa Hussein siku ya akika huandikwa Huseni katika kadi ya zahanati, Usseni katika daftari la darasa la saba, na Hussein Wandera au Wandera Hussein katika cheti cha sekondari, kwa kadiri mwalimu alivyosikia. Siku ya kuomba pasipoti au msaada wa masomo anakuwa watu wanne, na hapana benki itakayomlipia karo mtu asiyejulikana ni yupi. Kuapa mbele ya hakimu kwa kila herufi hugharimu fedha na hugharimu siku, na mara nyingi tarehe ya mwisho ya maombi hupita kijana akiwa bado yuko kwa wakili. Linaloombwa kwa jumuiya ni kununua daftari moja kubwa lenye jalada gumu, likae kwa katibu. Kila mtoto wa madrasa aandikwe humo jina lake kwa herufi za Kiarabu na za Kilatini, tarehe ya kuzaliwa, na majina ya wazazi, mzazi atie sahihi au dole gumba. Na mwaka ambao mtoto anaingia darasa la saba, kabla majina hayajapelekwa kwa Baraza la Mitihani, katibu aende shuleni na daftari hilo mkononi, akae na mwalimu mkuu, walinganishe majina moja baada ya jingine.